Kasi ya baiskeli ya mizigo haipimwi barabarani

Wiki hii nimeulizwa tena, na mtu ambaye kazi yake ni kupanga usambazaji wa vifurushi, jinsi baiskeli ya mizigo ya umeme inavyoweza kushindana na gari katikati ya jiji ilhali gari lina kasi zaidi. Nimeziendesha baiskeli hizi na sasa ninazipangia ratiba, na swali hilo limenichosha kwa sababu linapima kisichohusika.

Tuchukue mtaa ambao wapokeaji wameachana kwa mita 150. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa huumaliza mwendo huo kwa sekunde 18, na baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa huumaliza kwa sekunde 36, kwa hiyo ubishi wote ni wa sekunde 18. Sasa dereva na atafute maegesho, ayakose, azunguke mtaa mzima, asimame mbali, apekue rundo la vifurushi nyuma ya gari, kisha atembee na kimoja hadi mlangoni na kurudi mikono mitupu. Mwenye baiskeli husimama hatua chache kutoka mlangoni, hufunga breki, hufungua sanduku na kukabidhi mzigo. Dakika zinazopotea katika kituo kimoja huzimeza zile sekunde mara kadhaa, na vituo vya siku ni vingi. Wapokeaji wakiachana kwa kilomita mbili au tatu hesabu hugeuka, na hapo hata mimi hutuma gari bila kusita.

Mota nayo hueleweka vibaya. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme ya kawaida huruhusiwa mota ya wati 250, na msaada wake hukatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Kazi yake kubwa ni kuung'oa mzigo pale uliposimama, mara kwa mara kutwa nzima, jambo ambalo magoti ya mwendeshaji yasingelistahimili kwa wiki nzima.

Shaka yangu iko kwingine. Sanduku hujaa kabla ya uzito kufikia kikomo, kwa kuwa vifurushi vingi ni vyepesi lakini vinene, na hivyo mwendeshaji hulazimika kurudi kupakia upya. Ghala likiwa umbali wa kilomita tano, safari ya kwenda na kurudi kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa hula nusu saa bila kifurushi kufika kwa mtu. Ndiyo maana huhitajika kituo kidogo cha kupakia karibu na wateja, mahali ambapo pango ni ghali kuliko kwingine. Nimewahi kukaa na hesabu ambazo pango la kituo hicho lilimeza kila kilichookolewa kwenye mafuta, na tukalazimika kugawana nafasi na msambazaji mwingine ndipo kazi ikaendelea.