Muhogo Mchungu na Ubongo wa Mtoto

Wazazi wanaponiuliza ni chakula gani kinachoongeza akili, hutarajia nitaje samaki au mayai. Mimi kama mtaalamu wa lishe huanza na muhogo mchungu, kwa sababu hapo ndipo inapoonekana wazi kwamba namna ya kuandaa chakula inaweza kuufikia ubongo.

Muhogo una kemikali iitwayo linamarini. Unapomenywa na kulowekwa, linamarini hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sianidi, ambayo hupotelea majini na hewani. Siku tatu hivi za kuloweka huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo, lakini makopa yaliyoanikwa juani moja kwa moja hubaki na nyingi, kwa kuwa hukauka kabla kazi hiyo haijakamilika. Wakulima wanayajua haya tangu zamani, na bado huupanda muhogo mchungu kwa hesabu zao: nguruwe pori na wezi huupita. Hatari huja mwaka wa ukame au vita, njaa inapozifanya siku tatu kuwa moja.

Mwili huweza kuigeuza sianidi na kuitoa kwa mkojo, ila kazi hiyo huhitaji salfa itokanayo na protini, na anayekula ugali wa muhogo kwa majani matupu, mchana na usiku, hana salfa ya kutosha. Hapo ndipo huzuka konzo, ugonjwa ulioelezwa na daktari Trolli mwaka 1938 huko Kwango, Kongo, ukawapata zaidi ya watu 1,000 Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na kufika Tarime katika muongo huohuo. Mtoto aliyekuwa akikimbia jana hukakamaa miguu, akatembea kwa ncha za vidole, na hali hiyo haiponi.

Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni wale ambao miguu yao ni mizima. Utafiti wa Kahemba, Kongo, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba hata watoto wasio na konzo katika eneo lenye ugonjwa huo walikuwa nyuma ya watoto wa kijiji kisichoathirika katika vipimo vya utambuzi na vya wepesi wa mikono. Mtoto wa namna hiyo hapelekwi zahanati. Darasani huitwa mzito tu.

Unga uliokwisha kusagwa bado unaweza kuokolewa, kwa njia ya mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia. Tia unga kwenye bakuli, weka alama ulipofikia, kisha mimina maji huku ukikoroga; utashuka kwanza, halafu utapanda, nawe uache unapoirudia alama. Utandaze mkekani, unene usizidi sentimita moja, kwa muda wa saa mbili juani au tano kivulini, na usonge ugali siku hiyohiyo. Kijiji cha kwanza kuijaribu huko Popokabaka, Kongo, hakikupata mgonjwa mpya katika kipindi cha majaribio. Mimi huongezea dagaa kidogo pembeni, kwa ajili ya ile salfa.