Je, wajua? Kuna Kenya na Uganda angani, na zote ni za Juni

Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna mawe mengi mno yanayolizunguka Jua. Jiwe namba 1278 linaitwa Kenya. Namba 1279 ni Uganda. Nani aliyapeleka majina hayo huko?

Ni Cyril Jackson, mwanaastronomia wa kituo cha kutazamia nyota cha Union, Johannesburg. Aliyaona yote mawili tarehe 15 Juni 1933. Siku hizo anga ilipigwa picha kwenye vioo. Unapiga kipande kilekile cha anga mara mbili, kisha unatazama picha hizo kwa zamu kupitia tundu moja: hii, ile, hii, ile. Nyota zote zimetulia. Kidoti kimoja kinarukaruka. Hicho ndicho jiwe lako.

Na kwa nini Juni? Mawe haya hung'aa zaidi yakiwa upande wa pili wa anga, mkabala na Jua. Mwezi Juni, upande huo hupita karibu na utosi ukiwa Johannesburg, tena ni kipupwe: usiku mrefu, anga kavu. Mzungu aliyekuwa na darubini Ulaya alikuwa na usiku mfupi, na mawe yenyewe yako chini karibu na upeo. Kwa hiyo mavuno ya Juni yakawa ya kusini, na mvumbuzi ndiye mwenye haki ya kupendekeza jina. Jackson akachota majina ya Afrika: Kenya, Uganda, Katanga, hata Tanga. (Wakati huo Kenya bado ni koloni la Mwingereza, angani ilitangulia bendera yake kwa miaka 30.)

Kabla ya kupewa majina, mawe ya Kenya na Uganda yaliitwa 1933 LA na 1933 LB. L ni nusu ya kwanza ya Juni, A na B ni mpangilio wa lipi liliwahi. Jiwe la Kenya lina upana wa kilomita 20 hivi, na huchukua miaka 3 na miezi kadhaa kulizunguka Jua. Kwa macho matupu hulioni ng'o.

Wa Tanga wasinung'unike kwamba wao ni namba 1595. Jiwe lao lilionekana Juni 1930, miaka 3 kabla ya Kenya. Ila namba haitolewi siku jiwe linapoonekana. Hungoja mpaka njia yake ijulikane barabara, na ya Tanga ilichelewa.