Kusoma jenomu kumekuwa rahisi, kuielewa bado ni kazi

Jenomu ya binadamu, yaani maelekezo yote ya kurithi yaliyoandikwa katika DNA yake, ina takriban herufi bilioni 3 za A, T, G na C. Mradi wa kimataifa wa kuzisoma ulianza mwaka 1990 na kutangazwa umekamilika mwaka 2003, ingawa takriban asilimia 8 ilikuwa haijasomwa. Sehemu hizo zimejaa mfuatano unaojirudia, na mashine za wakati ule zilisoma vipande vifupi mno kuweza kujua kipi kinakaa wapi. Zilipopatikana mashine zinazosoma maelfu ya herufi kwa mkupuo, mapengo yakazibwa mwaka 2022. Kromosomu Y, fungu la DNA walilo nalo wanaume, ilifuata mwaka 2023.

Leo jenomu nzima husomwa kwa siku chache. Ugumu umehamia kwenye tafsiri, na hapo ndipo watu wengi hutishika bure.

Kila mmoja wetu hutofautiana na jenomu ya rejea, ile inayotumika kulinganishia, katika mamilioni ya sehemu, na nyingi hazina madhara yoyote. Nyingine ni nzito. Katika jeni ya HBB, kipande cha DNA kwenye kromosomu 11 kinachosaidia kutengeneza hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, A moja ikigeuka T, GAG huwa GTG. Hemoglobini inayotokana na badiliko hilo hushikamana inapopoteza oksijeni, na seli nyekundu hupinda kama mundu. Aliyerithi badiliko hilo kwa wazazi wote wawili hupata selimundu. Aliyelirithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida haugui, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Yapo hata mabadiliko yenye faida: wanaozaliwa na jeni ya PCSK9 isiyofanya kazi huwa na lehemu kidogo, na ugunduzi huo umezaa dawa za kushusha lehemu.

Kwa hiyo, jibu la kipimo cha jeni likisema badiliko lako "maana yake haijathibitika", usilichukue kama ugonjwa. Mara nyingi ni upungufu wa kumbukumbu za kulinganishia, kwa sababu sehemu kubwa ya data imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko la kawaida kabisa kwa Waafrika, wenye utofauti mkubwa zaidi wa vinasaba duniani, linaweza kuonekana geni. Dosari hii inaniuma, maana gharama yake hubebwa na mgonjwa.

Usikubali upasuaji wa kujikinga kwa sababu ya jibu hilo peke yake. Muulize mtaalamu wa jeni kama wazazi wako wanaweza kupimwa, na baada ya mwaka mmoja au miwili omba jibu lipitiwe upya. Yanayobadilishwa aghalabu huhamishiwa kundi la yasiyo na madhara.