Wazimu na ugonjwa wa akili: majina mawili na historia iliyo kati yao

Katika Kiswahili mtu huugua malaria, lakini wazimu humpanda. Kitenzi hicho ndicho tunachokitumia pia kwa pepo, na neno wazimu lenyewe lina shina moja na mzimu, yaani roho ya marehemu inayoaminika kuwarudia walio hai. Kwa hiyo, kabla mgonjwa hajaulizwa lolote, lugha imekwisha kutaja chanzo cha mateso yake. Ugonjwa wa akili, usemi unaotumiwa leo katika hospitali za Lubumbashi, ni jina jipya zaidi, nalo lina maelezo yake: kwamba mawazo, hisia na mwenendo wa mtu vinaweza kuharibika kiasi cha kumtesa au kumzuia asiishi na wenzake kama awali, na kwamba uharibifu huo unachunguzwa na kutibiwa kama ule wa figo au mapafu.

Ni kosa kudhani kwamba jina la kwanza ni la Waafrika na la pili ni la Wazungu. Ulaya nayo iliwapunga pepo wagonjwa wake kwa karne nyingi. Ubishi wenyewe ni wa zamani sana: yapata miaka 2,400 iliyopita, maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates yalikana kwamba kifafa ni ugonjwa mtakatifu kuliko mengine, yakasema kwamba chanzo chake kimo katika ubongo. Waganga wa mkondo huo walieleza huzuni kubwa kwa wingi wa nyongo nyeusi mwilini. Nyongo hiyo haipo, lakini aliyeamini kwamba ipo alimpa mgonjwa chakula, dawa na mapumziko badala ya kumshtaki. Mjini Cairo, hospitali iliyojengwa na Ahmad ibn Tulun mnamo mwaka 872 iliwapokea wagonjwa wa akili pamoja na wengine.

Mnyororo, hata hivyo, haukumfuata mtu mwenye imani moja. Walioamini pepo waliutumia, na walioamini nyongo waliutumia vilevile. Katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, wanaume waliohesabiwa kuwa wendawazimu walifungwa ukutani mpaka mwaka 1797, wakati Jean-Baptiste Pussin alipowafungua. Pussin hakuwa daktari. Alikuwa ameingia hapo kama mgonjwa wa tezi, akabaki kazini, akawa msimamizi wa wodi, na kwa miaka mingi akawaangalia wagonjwa kwa karibu kuliko mtu yeyote. Daktari Philippe Pinel, aliyefika Bicêtre mwaka 1793, alijifunza kutoka kwake na baadaye akafanya vivyo hivyo kwa wanawake wa hospitali ya Salpêtrière. Michoro maarufu humwonyesha Pinel peke yake akiamuru minyororo ifunguliwe. Msimamizi wa wodi ndivyo anavyosahauliwa, huko kama huku. Tuongeze kwamba wengi wa waliofunguliwa walivalishwa koti la kufunga mikono, kwa hiyo uhuru wao ulikuwa na mipaka.

Historia hiyo inatugusa hapa Lubumbashi kwa sababu kituo cha magonjwa ya akili kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo kina jina la Joseph Guislain, Mbelgiji aliyekufa mwaka 1860. Mwanzilishi wa shirika hilo, padri Petrus Joseph Triest, alikuwa amekwisha kuwaondolea minyororo wagonjwa wa mji wa Ghent mwaka 1815, na Guislain akawa daktari mkuu wao mwaka 1828. Aliamini kwamba wazimu huanza kama maumivu ya moyo: mtu hufiwa, hudhulumiwa au huogopa, na akili yake hushindwa kuubeba mzigo huo. Kutokana na imani hiyo alitaka majengo yenye hewa na bustani, kazi za mikono na maneno ya upole, na mawazo yake yaliingia katika sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1850 kuhusu wagonjwa wa akili. Shirika hilohilo ndilo lililoanzisha vituo vya magonjwa ya akili vya SOSAME mjini Bukavu na Tulizo Letu mjini Goma, jina hili la pili ambalo, kwa maoni yangu, linaieleza kazi hiyo kuliko jina la daktari yeyote.

Karne ya 20 iliurudisha ugonjwa mwilini, wakati mwingine kwa ukali. Mwaka 1917 Julius Wagner-Jauregg, mjini Vienna, aliwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imefika ubongoni, ili homa kali iidhoofishe, kisha akawapa kwinini. Msomaji wa Katanga, ambaye amezika ndugu kwa malaria, atashangaa kusikia kwamba tiba hiyo ilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Ilitumika mpaka penisilini ilipopatikana. Egas Moniz, Mreno aliyeanza mwaka 1935 kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, alipewa tuzo hiyohiyo mwaka 1949, na wagonjwa wengi waliopasuliwa kwa njia hiyo walibaki watulivu kwa sababu sehemu ya nafsi yao ilikuwa imeondolewa.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na kidonge. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa klopromazini, inayojulikana hapa kwa jina la Largactil. Mwaka 1958 maabara ya Paul Janssen, nchini Ubelgiji, ikatengeneza haloperidoli, ambayo familia nyingi huiita Haldol. Dawa hizo hupunguza sauti ambazo mgonjwa huzisikia peke yake na hofu ya kuwindwa, lakini zinaweza pia kumkakamaza mwili, kumtetemesha mikono na kumlaza mchana kutwa, jambo linalofanya wengi waziache wakifika nyumbani.

Familia ya Katuba au ya Ruashi, sehemu za mji wetu wa Lubumbashi, yenye kijana aliyepandwa usiku hupita katika zama zote hizi ndani ya mwezi mmoja: chumba cha maombi, mganga wa kienyeji, kamba mguuni kwa sababu watu wazima wote wanakwenda kutafuta riziki na hakuna wa kumwangalia, kisha hospitali. Kamba hiyo mara nyingi haitokani na ukatili wala na imani. Daktari Thomas Adeoye Lambo aliliona hilo alipofungua kituo cha Aro, nchini Nigeria, mwaka 1954: wagonjwa walipangishwa katika nyumba za vijiji vya jirani, kila mmoja pamoja na ndugu yake, wakija kituoni kwa matibabu mchana, na waganga wa jadi walishirikishwa kazini. Mji wa Geel, nchini Ubelgiji, ulikuwa umefanya jambo la namna hiyo tangu Zama za Kati, wagonjwa wakiishi na kulima pamoja na familia zisizo zao. Lambo alimdai kila mgonjwa aje na ndugu; katika hospitali za Lubumbashi ndugu huyo huja bila kudaiwa, akiwa na mkeka, sufuria na mbabula yake, yaani jiko la makaa.