"Anakua tu huyo"

Jumanne nimelisikia tena neno hilo. Mama ameingia na binti yake wa miaka 12, mkono wa kulia umezungushiwa bendeji, na kabla sijawakaribisha kiti ameshanipa jibu: "Daktari, kocha amesema ni maumivu ya kukua, tumekuja tu kuhakikisha." Mtoto ana miezi minne anaumwa. Miezi minne anasimama kwa mikono, anapiga pindu, anaruka juu ya meza, na kila akilalamika anaambiwa anakua. Huyu ni wa tatu mwezi huu, na uvumilivu wangu umekwisha.

Kwa hiyo naandika. Nawaandikia wazazi na makocha wa jimnastiki, na wa sarakasi pia, maana mikono inayotua kwenye mchanga wa pwani baada ya kurukia tairi bovu haina mfupa wa aina nyingine.

Maumivu ya kukua yapo. Humpata mtoto kati ya miaka 3 na 12 hivi, miguuni, miguu yote miwili, jioni au usiku. Analia, unamkanda, analala, asubuhi anakimbilia shule kana kwamba hakuna lililotokea. Hachechemei. Ukimwambia akuonyeshe panapouma anapapasa paja zima. Na pamoja na jina lake, hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba yanaletwa na kukua.

Sasa mtazame binti huyu. Ni mkono mmoja. Unauma akiuegemea, unatulia akiuacha. Nilimwambia anionyeshe kwa kidole kimoja, akakiweka bila kusita upande wa kidole gumba, juu kidogo ya mkunjo wa kiganja. Nikabonyeza hapo, akauvuta mkono. Pale ndipo lilipo gegedu la ukuaji.

Kinachoniudhi katika maneno ya kocha ni kwamba yana ukweli ndani yake, ila umepinduliwa. Mfupa wa mtoto hurefukia kwenye gegedu lililo karibu na ncha zake, na gegedu hilo ni laini kuliko mfupa wenyewe, mara nyingi ni dhaifu hata kuliko kano zinazoshika kiungo. Mwanajimnastiki hahitaji kuanguka ili aliumize. Mkono haukuumbwa utembelewe, na yeye anautembelea. Takriban asilimia 80 ya mzigo unaopita kwenye kifundo cha mkono hubebwa na mfupa wa upande wa kidole gumba, na kwa mtoto sehemu hiyo huongezeka, kwa kuwa mfupa mwenzake wa upande wa kidole cha mwisho kwa kawaida bado umepungukiwa urefu kidogo. Gegedu likibanwa hivyo kila siku, damu inayolihudumia hupungua na kazi ya kuligeuza kuwa mfupa hukwama. Halafu mtoto anaingia kwenye kurefuka kwa kasi, miaka 11 au 12 kwa wasichana, 13 au 14 kwa wavulana, gegedu likiwa dhaifu kuliko wakati wowote, na ndipo kocha anapoongeza saa za mazoezi kwa sababu mashindano yamekaribia. Ndiyo, anakua. Kwa sababu hiyohiyo anatakiwa kupunguziwa mzigo.

Likiachwa mpaka liharibike kabisa, linaweza kufunga kabla ya wakati. Mfupa huo unakoma kurefuka, mwenzake unaendelea, na mtoto anabaki na kifundo kisicholingana, chenye maumivu ya upande wa kidole cha mwisho atakayoyabeba hadi utu uzima.

"Lakini tulipiga picha, ikatoka safi." Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa, na mwanzoni mwa jeraha hili mfupa unaweza kuonekana hauna neno. Gegedu huonekana limepanuka baadaye, mambo yakiwa yamekwenda mbali. Mgongo ni hivyohivyo: mtoto anayeumia kiuno akijipinda kinyumenyume anaweza kuwa na ufa wa uchovu, yaani unaoletwa na mzigo wa kurudiarudia, kwenye pingili, na eksirei isiuone. Picha ya MRI huuona mapema, nami najua bei yake. Ndiyo maana nasema kidole changu kikibonyeza gegedu na mtoto akaruka, hilo ni jibu tosha la kumwachisha kuegemea mikono kuanzia kesho asubuhi.

Kisigino na goti nitavipitia haraka. Vinauma pale msuli unapolivuta gegedu, vinasumbua sana, lakini kwa kawaida hupona vizuri mzigo ukipunguzwa, na mara nyingi huwa sina haja ya kumsimamisha mtoto kabisa. Kiwiko kinachokwama au kisichonyooka ni habari nyingine: mlete wiki hiyohiyo.

Na tafadhali, msimpeleke kuchuliwa. Mafuta ya nazi hayana kosa. Vidole vinavyosugua gegedu lililojeruhiwa vinalo. Kidonge cha maumivu kabla ya mazoezi ni kibaya zaidi, kwa kuwa kinanyamazisha kitu pekee kilichokuwa kinamlinda mtoto. Nimewahi kumpokea mvulana aliyekuwa akipewa viwili kila asubuhi ya mashindano, na aliyempa alikuwa mtu mzima aliyempenda kwa dhati.

Kumuuliza mtoto "unaumia kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10" nimeshaacha. Wote hunijibu 2, wakimtazama kocha. Namtazama mtoto mwenyewe: anakung'uta mikono kila akishuka, anaegemea ngumi badala ya kiganja, anajipanga wa mwisho kwenye foleni. Namuuliza ni zoezi gani angefurahi likifutwa leo. Hapo hunena kweli.

Makocha wengine huwaonyesha watoto video ya Kerri Strug, mwanajimnastiki wa Marekani, kwenye Olimpiki ya Atlanta, 1996, akiruka mara ya pili kifundo cha mguu kikiwa kimeumia, akatua, akasimama kwa mguu mmoja. Alikuwa na miaka 18. Hesabu za siku ile zilipokamilika ilionekana Marekani ingepata dhahabu ya timu hata asingeruka, naye akakosa fainali zake binafsi. Malizieni kuwasimulia watoto habari yote.

Pamoja na ukali huu, kazi yangu ina mashaka yake. Wapo wanajimnastiki ambao gegedu lao kwenye picha limepanuka na hawaumwi hata kidogo, na ninapomkuta mmoja wao sina kanuni ya kumsimamishia. Kwa mgongo, kile kipimo cha kusimama kwa mguu mmoja na kujipinda nyuma nilikitegemea miaka mingi. Utafiti umekionyesha kuwa dhaifu, nami naona bado nakitumia kwa mazoea. Na nimewahi kukosea upande wa pili: nikampumzisha binti kabisa, wiki nane, akarudi mlegevu, akaumia goti mwezi uleule. Siku hizi simpumzishi mtoto mzima. Napumzisha kiungo. Tumbo, miguu, unyumbukaji, kutua taratibu kwenye godoro, hayo yanaendelea. Kuning'inia kwenye chuma mara nyingi hustahimilika mapema kuliko kuegemea.

Nyumbani naomba mambo mawili. Mpimeni mtoto urefu kila mwezi kwa alama ya penseli ukutani, na alama zikianza kuachana upesi, kocha aambiwe. Na ale. Msichana aliyefikisha miaka 15 bila kuvunja ungo aonwe na daktari, wala asipongezwe kwa wembamba, kwa sababu mwili usiopata chakula cha kutosha huiba kwenye mifupa.

Binti wa Jumanne nimemwandikia wiki sita bila kuegemea mikono. Mama yake aliuliza maswali mengi, mazuri. Mtoto aliuliza moja tu: kama atapoteza nafasi yake kwenye timu. Sikumdanganya, nikamwambia nitampigia kocha. Nimepiga mara mbili. Kesho nitakwenda mwenyewe ukumbini.