Kelele ya moyo ikipungua, njoo tupime eko

Mzazi akiambiwa kliniki kwamba kelele kwenye moyo wa mwanawe imepungua, hushukuru Mungu na mara nyingi haonekani tena. Mimi hapo ndipo ninapomtaka. Kwa mtoto mwenye tundu kwenye ukuta wa vyumba vya chini vya moyo, huenda tundu limeziba. Mengi madogo huziba yenyewe. Lakini pia huenda presha ya upande wa kulia imepanda ikaukaribia wa kushoto, na damu haina tena nguvu ya kuvuma. Stetoskopu peke yake haitoshi kuamua.

Eko ni altrasaundi kama ile ya wajawazito. Haina mionzi wala sindano. Kichanga napenda nimpime akiwa amelala au ananyonya, maana akilia vipimo vinadanganya. (Foleni nje itasubiri.) Napaka jeli, nabonyeza kidogo chini ya chembe ya moyo, kisha nawasha rangi.

"Daktari, hiyo bluu ndiyo damu chafu?"

Hapana, mama. Nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, bluu ni inayokwenda mbali nacho.

Ninachowinda hasa ni kasi ya damu inapopita tunduni. Zidisha kasi hiyo kwa yenyewe, kisha mara 4, upate tofauti ya presha kati ya pande mbili. Mita 4 kwa sekunde ni 64, kwa kipimo kilekile cha presha ya mkononi (milimita za zebaki). Kama presha ya mkononi, ambayo ndiyo ya upande wa kushoto, ni 90, kulia kuna 26 hivi: mapafu yana nafuu. Mwingine ana 90 hiyohiyo, ila kasi ni mita 2 tu. Tofauti ni 16, kulia kuna 74. Kama njia ya kwenda mapafuni haijabana, huyu mwenye kelele ndogo ndiye ninayempigia simu daktari wa upasuaji. Akiachwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, damu hugeuza njia, midomo huwa ya bluu, na kuziba tundu wakati huo kunaweza kumuua.

Eko ya siku ya kuzaliwa nayo haimalizi kazi. Presha ya mapafu bado iko juu, damu inayovuka ni kidogo. Presha hiyo ikishuka wiki zinazofuata ndipo mtoto huanza kunyonya kwa kukatakata huku jasho likimtoka.

Upasuaji hapa Dar unafanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Popote mtakapopima, mje na karatasi zote za eko za nyuma, hata zilizochakaa. Bila hizo sijui kama 74 ya leo imepanda au imeshuka.