Wasomi Wakatoliki wa Kihafidhina Chini ya Franco: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Wahispania walianza kuipa dini kisogo Franco, dikteta aliyewatawala, alipofariki mwaka 1975.

Sivyo. Ni kweli mkataba wa 1953 na Vatikani uliuthibitisha Ukatoliki kuwa dini pekee ya taifa. Lakini kufikia miaka ya 1960 wanakijiji walikuwa wakihamia mijini kwa wingi, na watalii wakimiminika pwani. Mpango wa uchumi wa 1959 uliochochea hayo ulisukwa na mawaziri kama Alberto Ullastres na Mariano Navarro Rubio, wote wanachama wa Opus Dei, jumuiya ya Kikatoliki. Waumini hao walitaka nchi itajirike bila kupoteza imani. Utajiri ulikuja, imani ikapungua.

Dhana: Wasomi Wakatoliki wa kihafidhina walikuwa wapambe tu wa utawala.

Anayesema hivyo hajamsoma Rafael Calvo Serer. Mwaka 1949 Pedro Laín Entralgo alichapisha kitabu kilichoitazama Hispania kama tatizo. Mwaka huohuo Calvo Serer akamjibu kwa *España, sin problema*: kwake, ushindi wa Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1939 ulikuwa umelimaliza suala hilo, Hispania ni ya Kikatoliki basi. Ni vigumu kupata mhafidhina kumzidi. Hata hivyo, mwaka 1953 aliikosoa serikali katika jarida la Ufaransa, akaondolewa kwenye uongozi wa jarida la Arbor. Baadaye alisimamia gazeti lililoitwa Madrid, ambalo serikali ililifungia Novemba 1971. Jengo lake likabomolewa 1973. Mwaka 1974, akiwa uhamishoni Paris, aliketi na Santiago Carrillo, kiongozi wa wakomunisti, kutangaza umoja wa kuudai utawala wa kidemokrasia.

Naye pia alikuwa Opus Dei, kama wale mawaziri. Kwa hiyo madai kwamba wanachama wote walikuwa na siasa moja hayana mashiko. Gonzalo Fernández de la Mora, mhafidhina mwenzao, alishika njia nyingine kabisa: mwaka 1965 aliandika kwamba itikadi zinafifia, dini inarudi moyoni mwa mtu, na dola ibaki mikononi mwa wataalamu.

Dhana: Roma, yaani uongozi wa Kanisa Katoliki, iliwaunga mkono wahafidhina hao siku zote.

Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulitamka kuwa uhuru wa dini ni haki ya kila mtu. Hispania ikalazimika kutunga sheria ya uhuru huo mwaka 1967. Walioegemea dola ya Kikatoliki walipata pigo hilo kutoka kwa Kanisa lao wenyewe.